Siku Saba Kutoka Namanga Hadi Machame

Jumatatu, Namanga

Nimefika Namanga saa nne asubuhi kwa Noah kutoka Arusha, tumebanana kama dagaa, vumbi la Longido likiingia kila dirisha lilipofunguliwa. Nimekuja kumpokea binti yangu. Anasoma chuo Nairobi, yuko likizo, na safari hii hatupandi basi la moja kwa moja kwenda nyumbani Dodoma. Tumekubaliana tuende polepole hadi Machame kwa baba yangu mdogo, tukisimama kila mahali walipopita watu waliofukuzwa, waliokimbia au waliorudishwa makwao kwa sababu ya kusema.

Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari. Kwa miaka 27 nimefundisha Azimio la Arusha kwa chaki na ubao, na sijawahi kumwambia mwanafunzi yeyote kwamba ndani ya ukoo wangu yumo mtu aliyefukuzwa chuo kikuu miezi mitatu tu kabla ya Azimio hilo. Binti yangu ndiye aliyenibana. "Mama, unawafundisha watoto wa watu, sisi hutuambii." Hana kosa.

Amevuka saa tano na nusu, begi mgongoni, mto wa kulalia kwapani. Siku hizi hapa unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja. Tukiwa tunakunywa chai na chapati kwenye kibanda upande wetu, nimemwambia kwamba mimi nilikua mpaka huu ukiwa umefungwa. Tanzania iliufunga Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inakata roho, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983, marais wa nchi tatu walipokaa Arusha wakapatana.

Ndani ya miaka hiyo ndipo likatokea jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982 kule Nairobi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliingia barabarani kushangilia, na serikali haikuwasamehe. Chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka. Mwenyekiti wa umoja wao wa SONU, Tito Adungosi, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 na akafia gerezani Naivasha mwaka 1988. Wapo wanafunzi na wahadhiri waliokimbilia kwetu. Geti la Namanga liliwazuia wenye magunia na ng'ombe. Anayekimbia jela hapiti getini.

Na hifadhi yenyewe haikuwa ya kila mtu. Hezekiah Ochuka, askari wa anga aliyeongoza jaribio lile, aliruka na ndege ya jeshi hadi Dar es Salaam akapokewa. Novemba 1983, mwezi uleule mpaka ulipofunguliwa, akarudishwa Kenya, nasi tukapewa Watanzania waliotuhumiwa kutaka kuipindua serikali yetu na waliokuwa wamejificha huko. Alinyongwa mwaka 1987.

"Yaani walibadilishana watu?" binti yangu ameuliza. Mama chai akatuangalia. Nimelipa, tukaondoka.

Jumanne, Kaloleni

Arusha imeamka na ukungu, Mlima Meru hauonekani. Tumetembea kwa miguu hadi Kaloleni, tukapita mnara wenye mwenge juu, tukaingia Makumbusho ya Azimio la Arusha. Ni jengo dogo kuliko binti yangu alivyotarajia. Amesimama mlangoni akauliza kama ni hapa hapa. Nikamwambia ni hapa hapa: Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa mjini hapa kuanzia Januari 26 hadi 29, mwaka 1967, na Azimio likatangazwa kwa umma Februari 5.

Picha ukutani zinaonyesha kikao, mikutano, watu wakitembea. Masharti ya uongozi nayasoma kila mwaka darasani na bado yananigusa: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Nimemwonyesha binti yangu, kisha nikamtoa nje tukakaa kwenye kivuli, kwa sababu habari niliyotaka kumpa haimo ndani ya vyumba vile.

Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wasomi wote wanaohitimu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi kama mitano kambini, iliyobaki kazini kwao huku wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waligoma. Oktoba 22 wakaandamana, wengine wamevaa majoho, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, hadi Ikulu. Mwalimu Nyerere akatoka na mawaziri wake akawasikiliza. Msemaji wao akasoma tamko lililosema, kwa maana yake, kwamba miili yao itakwenda jeshini lakini roho zao zitabaki nje. Na katikati ya umati kulikuwa na bango lililosema kwamba wakati wa ukoloni ilikuwa afadhali.

Mwalimu aliwaka. Alikubali papo hapo kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akaanza na wa kwake, akaukata kwa asilimia 20. Wanafunzi nao akawaambia waende nyumbani. Karibu 400 walifukuzwa siku hiyo, wakasafirishwa makwao chini ya ulinzi. Baba mdogo alikuwa mmoja wao, mwaka wa pili.

Binti yangu alitaka niseme nani alikuwa na haki. Nimemjibu ninavyoamini. Hoja ya wanafunzi ilikuwa nyembamba. Wasomi nchini walikuwa wa kuhesabika, mkulima wa kahawa na pamba ndiye aliyewalipia ada, na wao wakadai kwamba nchi iwabembeleze. Mwalimu aliona hatari ya tabaka jipya kabla ya wengi kuiona, na sidhani kwamba Azimio lingekuja vile lilivyokuja, kwa ukali ule juu ya viongozi wenyewe, bila mshtuko wa mchana ule wa Oktoba. Lakini siku ileile nchi changa ilijifunza jibu moja la kumpa kijana anayesema vibaya: nenda nyumbani. Jibu hilo lilikuja kutumika tena hata kwa waliosema vizuri.

Akanikatiza: "Na vijana walioandamana kuunga mkono?"

Nao walikuwepo, na hawa tuna haki ya kuwakumbuka kwa heshima. Azimio lilipotangazwa vijana walitembea kwa miguu mamia ya kilomita kuliunga mkono. Seth Benjamin, kijana mdogo kabisa, alitoka Arusha kwenda Dar es Salaam kwa miguu akafia njiani. Oktoba mwaka huohuo Mwalimu mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja nchi iliona maandamano ya namna mbili, na watoto wetu wanafundishwa moja. Mimi ndiye ninayewafundisha hiyo moja. Mtaala una nafasi finyu, lakini kumpa mtoto sentensi mbili kuhusu Oktoba 1966 hakuhitaji ruhusa ya mtu, na sikumpa.

Tumekula makange ya kuku karibu na Soko Kuu. Jioni baridi imeshuka, tumelala mapema.

Jumatano, Arusha

Siku ya mahakama. Arusha wameizoea mikutano ya dunia kiasi kwamba dereva bodaboda anajua mkutano gani uko kwenye kituo cha mikutano cha AICC kuliko mwandishi wa habari. Humu ndimo ilimokaa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda hadi mwaka 2015. Hapa Arusha ndipo Warundi waliposaini makubaliano yao Agosti 28, 2000, kwa usuluhishi wa Nyerere kwanza na, baada ya kifo chake, wa Mandela. Na hapa hapa, Desemba 1987, ANC ya Oliver Tambo iliita wapinzani wa ubaguzi kutoka duniani kote, wakati huko kwao chama chenyewe kilikuwa marufuku. Wapinzani wa nchi za wenzetu tumewapa viti, maikrofoni na wakalimani.

Binti yangu alitaka kuona majengo mawili. La kwanza ni la Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ndani ya makao makuu ya Jumuiya. Sababu yake ni Mei 2025. Mkenya Boniface Mwangi na Mganda Agather Atuhaire walikuja Dar es Salaam kufuatilia kesi ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, wakakamatwa, kisha wakaachwa mpakani kila mmoja upande wa kwao. Walisema hadharani kwamba waliteswa. Kesi yao wameileta humu Arusha. Nairobi, ameniambia, wenzake walimgeukia yeye kana kwamba yeye ndiye aliyewashika. "Ukiwa Mtanzania peke yako mezani, unaulizwa wewe."

Nikamwambia kuhusu Symonds Akivaga, maana hakuwahi kulisikia jina hilo. Huyu alikuwa Mkenya anayesoma Chuo Kikuu Dar es Salaam, rais wa serikali ya wanafunzi mwaka 1971. Februari mwaka ule TANU ilikuwa imetoa Mwongozo, ambao kifungu chake cha 15 kilikataza kiongozi kuwa na majivuno, makuu na dharau kwa anaowaongoza. Wafanyakazi viwandani walikishika kifungu hicho wakawasuta mameneja wao. Wanafunzi nao wakakishika. Akivaga akauandikia uongozi wa chuo barua ya wazi, na Julai polisi wenye silaha wakamchukua mbele ya wenzake, akarudishwa kwao Kenya. Wanafunzi wenzake, Watanzania kwa Waganda kwa Wazambia, waligomea masomo kwa ajili ya Mkenya.

Hapo binti yangu amenyamaza kidogo, kisha akatoa simu akaandika jina: Akivaga. Ameniambia atawatajia wenzake mezani kwamba kulikuwa na siku ambapo Watanzania waligoma kwa ajili ya mtu wa kwao.

Jengo la pili ni la Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo mjini hapa tangu 2007. Tuliishia getini, lakini hata getini pana mambo. Mwaka 2014 mahakama hii iliamua kwamba Burkina Faso ilikosea kumfunga mwandishi wa habari Lohé Issa Konaté kwa aliyoyaandika juu ya mwendesha mashtaka. Mwaka 2017 ikasema Rwanda ilivunja uhuru wa maoni wa Victoire Ingabire, mpinzani aliyerudi kwao kutoka Ulaya mwaka 2010 akaishia gerezani. Mtanzania mmoja mmoja naye aliweza kuja na shauri lake, kama Mchungaji Mtikila alivyofanya kuhusu mgombea binafsi akashinda mwaka 2013. Novemba 2019 serikali yetu ikaondoa tamko lililoruhusu jambo hilo, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Leo Mburkinabe anaweza kupanda ndege kuja Arusha kuishitaki nchi yake, na mkazi wa Ngarenaro anayeuza mahindi ya kuchoma ng'ambo ya mji hawezi kuleta kesi mpya dhidi ya yake. Nimelisema hilo kwa sauti pale pale getini. Mlinzi alikuwa mpole, akatuuliza kama tunasubiri mtu.

Alhamisi

Mvua kutwa. Tumenunua viatu vya mtumba Kilombero, tumekula loshoro kwa mara ya kwanza, binti yangu hakuipenda, mimi nimemaliza na ya kwake. Hakuna kingine.

Ijumaa, barabara ya Moshi

Kostaa imetushusha Maji ya Chai, tukachukua bodaboda hadi Imbaseni. Hapa kuna kituo cha jamii kilichojengwa na Pete O'Neal na mkewe Charlotte, watu wa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi waliopigania haki zao. O'Neal aliongoza tawi la chama hicho Kansas City. Mwaka 1970 alihukumiwa kwa kosa la kusafirisha bunduki kuvuka mpaka wa jimbo, akakimbia kupitia Sweden na Algeria, na mwaka 1972 wakafika Tanzania. Wakachimba, wakajenga, wakafundisha watoto wa Wameru kompyuta na kuchora. Kuta zimejaa michoro. Mwenzao Geronimo ji-Jaga, aliyekaa jela ya California miaka 27 kwa kesi iliyokuja kutenguliwa, alikuja kuishi karibu hapa na hapa ndipo alipofariki mwaka 2011.

Kijana aliyetuzungusha ni mzaliwa wa hapa hapa, na amezungumza juu ya wazee hao kama wazee wa kijiji, si kama watu wa kwenye historia. Nimefurahi sana kumsikia. Hifadhi ya kweli nadhani iko hivyo, mgeni anaulizwa habari za maji na mahindi.

Lakini ardhi hii ya Wameru ilikuwa na wapinzani wake kabla ya mgeni yeyote kuja, na sitaki binti yangu adhani upinzani huletwa na ndege. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwang'oa Wameru kama 3,000 kutoka Ngarenanyuki, nyuma ya mlima huu, nyumba zikachomwa, ili walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Wameru wakachanga fedha, sumni kwa shilingi. Wakamtafuta mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, na wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Mkulima wa Tanganyika kusimama mbele ya dunia kuishitaki serikali inayomtawala! Ardhi hakurudishiwa kwa azimio la New York. Lakini aliporudi alizunguka nchi akisimulia, na miaka miwili baadaye ikazaliwa TANU.

Tumesimama barabarani dakika arobaini kusubiri gari. Hatimaye mlima umejifunua, kilele kikiwa na theluji mpya ya mvua ya jana. Boma Ng'ombe jua, Weruweru giza. Moshi tumefika saa mbili usiku.

Jumamosi, Moshi

Siku niliyoisubiri. Asubuhi tumepita mtaa wa Soweto kwenda Chuo Kikuu cha Ushirika. Kijana yeyote wa Moshi anasema "nakaa Soweto" bila kufikiri, na nadhani ni vizuri jina hilo likae kinywani hivyo. Juni 16, 1976 watoto wa shule wa Soweto ile nyingine walipigwa risasi kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, na maelfu wakatoroka nchi. Wengi walifika kwetu. Tanzania iliwapa Mazimbu, Morogoro, ikajengwa shule yenye jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa mwaka 1979 akiwa na miaka 22.

Chuo cha Ushirika kilianzishwa mwaka 1963, Februari ya mwaka huohuo mji huu ulipokusanya mkutano wa tatu wa mshikamano wa watu wa Afrika na Asia, Wachina na Warusi wakigombana mbele ya wenyeji wao. Kilipokuwa bado chuo cha kawaida, kilikuwa na mwalimu Mganda jina lake Yoweri Museveni. Huyu alisoma Dar es Salaam kuanzia 1967 hadi 1970, na pale aliongoza umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi uliojulikana kama USARF, wanafunzi wa nchi nyingi chini ya bendera moja, wakisoma pamoja na mwanahistoria Walter Rodney, wakienda hadi maeneo yaliyokombolewa na wapiganaji wa FRELIMO kaskazini mwa Msumbiji. Mwishoni mwa 1969 umoja huo ulitoa jarida la Cheche. Novemba 1970 umoja na jarida vyote vilipigwa marufuku. Jina Cheche, walielezwa, lilisikika kama la Kirusi.

Amin alipochukua nchi Januari 1971, Museveni alirudi kwetu kama mkimbizi, akaunda kikundi cha FRONASA, na kwa muda akafundisha hapa. Nimemwambia binti yangu atazame madirisha yale. Mwalimu wa ushirika mchana, usiku anapanga vita.

Huko Kampala wenzao walikuwa wanamalizwa. Frank Kalimuzo, makamu mkuu wa chuo cha Makerere, alichukuliwa Oktoba 1972 hakuonekana tena. Mapema 1976 mwanafunzi Mkenya wa Makerere, Esther Chesire, alitoweka uwanja wa ndege wa Entebbe akiwa anarudi kwao. Machi hiyohiyo mwanafunzi wa sheria Paul Serwanga akapigwa risasi, na wenzake wakaandamana katika nchi ambayo kuandamana kulikuwa sawa na kujitakia kifo.

Kisha ikaja Machi 1979. Majeshi yetu yakiwa tayari ndani ya Uganda, vikundi zaidi ya 20 vya Waganda walio uhamishoni vilikutana hapa Moshi. Waliongea, wakazozana juu ya nani aingie na nani abaki nje, na mwisho wakaunda umoja mmoja wa ukombozi, UNLF, wakamchagua Yusuf Lule auongoze, aliyewahi kuwa mkuu wa Makerere. Mwenye kuongoza baraza lao la ushauri alikuwa Edward Rugumayo, waziri wa elimu wa Amin aliyejiuzulu akiwa nje ya nchi mwaka 1973. Pembeni yake walikuwa wahadhiri wa Dar: Dani Nabudere, Yash Tandon, Omwony Ojwok. Kampala ilianguka Aprili 11. Serikali iliyotungwa mjini hapa na watu wa madarasani ikaapishwa siku mbili baadaye. Lule alikaa siku 68.

Tumekaa kwenye benchi chini ya mti, binti yangu ananunua karanga, na hapo nimemwambia jambo ambalo ndilo kiini cha safari yangu yote. Machi 1979 Moshi iliwapa wapinzani wa Uganda vyumba, ulinzi na chakula. Machi 1978, mwaka mmoja kamili nyuma, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana. Safari hii hawakudai mishahara yao. Walipinga nyongeza za mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge, na hoja yao ilikuwa Azimio la Arusha lenyewe, lile lililoko kwenye ukuta wa Kaloleni. Mamia walifukuzwa. Wale wa 1966 waliadhibiwa kwa kutaka kujinufaisha; hawa wa 1978 waliadhibiwa kwa kukataa viongozi wajinufaishe. Miaka 12, hoja imegeuka juu chini, jibu ni lilelile.

Naipenda nchi hii kwa kilichotokea Moshi. Sijui jirani gani mwingine alitoa watoto wake wafe ili wanafunzi wa Makerere waache kutoweka. Ndiyo maana 1978 inaniuma. Tulijua thamani ya kijana anayesema, tulimjua alipokuja na lafudhi ya Kampala au Johannesburg. Aliyekuja na lafudhi ya Machame au Mbeya tulimtafutia lori la kumrudisha kwao.

"Na Museveni?" akauliza. Museveni aliingia Kampala Januari 1986. Desemba 1990 wanafunzi wa Makerere walipogomea kukatwa posho zao, polisi walifyatua risasi wakaua wawili. Binti yangu alitazama tena yale madirisha.

Jumapili, Machame

Tumepanda mapema, ibada ikiwa bado inaendelea, kwaya inasikika hadi migombani. Baba mdogo amevuka miaka 80, anatembea na fimbo, macho bado makali. Binti yangu amepiga goti kidogo, "Shikamoo babu," akashikwa kichwa, "Marahaba mjukuu wangu, umekuwa mrefu kama mama yake mama yako." Mtori, kisha nyama na ndizi, kisha chai. Hakuna anayemuuliza Meku, yaani mzee, jambo lolote kabla hajamaliza chai.

Alirudishwa chuoni mwaka uliofuata, kama wengi wao, akamaliza, akafanya kazi ya ukaguzi wa vyama vya ushirika hadi akastaafu. Hakuwahi kuwa mpinzani wa mtu. Nilitarajia ataanza na Ikulu. Ameanza na bango.

"Lile la ukoloni nililiona tukiwa bado tunatembea," amesema. "Lilikuwa mbele yangu kama hatua kumi. Sikujua aliyeliandika. Nilicheka." Akanyamaza. "Baba yangu alikuwa amepigwa viboko na mkoloni kwa ajili ya kahawa yake mwenyewe. Mimi nikacheka. Ningeweza kumwambia yule kijana alishushe. Hatua kumi tu."

Nikamwambia kwamba adhabu ilikuwa kubwa kuliko kosa. "Ilikuwa kubwa," amekubali. "Niliposhushwa hapa, mama yako mkubwa alikuwa anapalilia pale. Baba hakunisemesha hadi Krismasi. Lakini mshahara tulishindwa kwa hoja, na kushindwa kwa hoja si aibu. Bango ndilo lililotufanya tusistahili kusikilizwa, na waliotufuata, waliokuwa na hoja nzuri, wakasikilizwa kwa masikio yaleyale."

Binti yangu hakukubali. Alimwambia babu yake, kwa adabu lakini bila kurudi nyuma, kwamba serikali inayotaka kutosikiliza haikosi bango la kusingizia. Wazee wawili wa jirani waliokuja kusalimia wakaguna. Baba mdogo akamtazama muda mrefu, akaniambia mimi, "Huyu umemlea wewe?"

Ndipo binti yangu akatoa simu. Alikuwa Nairobi Juni 2024, vijana walipopinga Mswada wa Fedha, na ana picha alizopiga mwenyewe siku zile za mwanzo. Juni 25, siku ambayo umati uliingia Bungeni na polisi wakaua, hakutoka hosteli, kwa sababu nilikuwa nimempigia simu nikilia. Siku iliyofuata rais wao alikataa kuusaini mswada ule. Alitaka babu aone umati ulivyokuwa mkubwa, msichana amesimama juu ya mabega ya wenzake, moshi wa mabomu ya machozi ukipanda kati ya maghorofa.

Baba mdogo hakutazama umati. Alivaa miwani, akaisogeza simu karibu, akaanza kusoma mabango. Moja moja, kwa sauti, ya Kiingereza na ya Kiswahili, na ya sheng akaomba atafsiriwe. Mengine yalimchekesha, akajizuia, akayasoma mara ya pili. Kwenye picha ya nane au ya tisa kulikuwa na bango nyuma kabisa, limekunjwa na upepo.

"Hili linasemaje?"

Binti yangu alijaribu kulikuza, likatawanyika. "Halisomeki, babu."

"Jaribu tena," alisema, akamsogezea kiti.